Nani hasa alikuwa mhafidhina ndani ya KANU?

NENO ‘mhafidhina’ lina nasaba moja na ‘hifadhi’. Mhafidhina hutaka mambo yabaki yalivyo; mwenye siasa za wastani hukubali mabadiliko, ila kwa kiasi. Kwenye kamusi mpaka huo ni bayana. Katika historia ya chama cha KANU, wapi!

Baada ya uhuru mwaka 1963, wengi, hasa wa nchi za Magharibi, waliliita kundi la Mzee Jomo Kenyatta na Tom Mboya la wastani. Jaramogi Oginga Odinga na Bildad Kaggia wakabandikwa jina la wenye msimamo mkali.

Hebu tuyapime majina hayo kwa suala la ardhi. Kaggia, mbunge wa Kandara, alitaka wasio na ardhi wapewe mashamba ya walowezi bila malipo. Mwaka 1964 aliacha unaibu waziri kwa sababu hiyo. Serikali ilishikilia kwamba mashamba yanunuliwe, hata kwa mkopo, na hatimiliki ziheshimiwe. Waraka Nambari 10 wa mwaka 1965, ambao Mboya aliupigania, ulijiita wa Ujamaa wa Kiafrika huku ukilinda mali ya mtu binafsi. Sasa, msomaji, nani hapa anahifadhi?

Si kwamba kundi hilo halikubadilisha chochote. Liliwafungulia Waafrika milango ya vyeo, biashara na mashamba ya nyanda za juu. Lakini nyumba yenyewe iliyojengwa na mkoloni haikubomolewa. Ilibadilishwa wapangaji tu.

KADU ilipovunjwa Novemba 1964 na viongozi wake kuingia KANU, mizani iliegemea zaidi upande huo. Mkutano wa Limuru wa Machi 1966 ukamaliza kazi: wadhifa wa naibu rais wa chama, aliokuwa nao Odinga, ulifutwa na nafasi yake kuchukuliwa na manaibu wanane. Odinga akajitoa, akaongoza KPU, chama kilichopigwa marufuku mwaka 1969.

Anayeitwa ‘mkali’ hushindwa kabla ya kufungua kinywa, kwani watu huogopa jina wasisikie hoja. Hoja ya Kaggia haikujibiwa ikaisha. Maskwota wangali wanaiuliza. Kwa hivyo tukiambiwa leo kuwa fulani ni wa wastani, tuulize kwanza: anahifadhi nini, na ni cha nani?