Kibano cha Mwanga: Kutoka Kusukuma Hadi Kuzungusha

Mwanga husukuma. Kepler alilishuku hilo tangu 1619, alipoeleza kwa nini mkia wa nyota-mkia hulipa jua kisogo. Lakini nguvu yenyewe ni ndogo mno. Ilibidi leza ipatikane kwanza.

Mwaka 1970 Arthur Ashkin, wa maabara ya Bell huko New Jersey, alielekeza mwale wa leza kwenye maji yenye vitufe vya plastiki, vyembamba kuliko unywele. Vilisukumwa, kama alivyotarajia. Asilolitarajia ni kwamba vilivyokuwa pembeni vilivutwa katikati ya mwale.

Mwaka 1986 yeye, Steven Chu na wenzao wawili walishika chembe kwa mwale mmoja uliokusanywa na lenzi. Mwaka uliofuata Ashkin alinasa bakteria. Mwanga wa kijani uliwaua. Alipotumia infraredi waliishi, hata wakazaana mtegoni.

Bado kibano kilijua kushika na kuhamisha. Mwaka 1992 Les Allen na wenzake, huko Leiden, walieleza kuwa mwanga uliosokotwa kama kamba hubeba msokoto wake. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walizungusha chembe kwa mwale wa namna hiyo.

Ashkin alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2018, akiwa na miaka 96. Wengi hukumbuka kuchelewa huko. Mimi nakumbuka vile vitufe vya pembeni: angevipuuza, tungebaki na mwanga unaosukuma tu. Mwanafunzi mwenzangu, usiharakishe kufuta daftarini jibu usilolitarajia.