Namna ya kuunganisha kicheza muziki cha mkononi na redio ya gari

WAMILIKI wa magari makuukuu hukabiliwa na tatizo moja ambalo baadhi ya mafundi hulitatua kwa pupa na kuacha waya zikining'inia chini ya dashibodi. Injini ingali imara na spika zingali nzuri, lakini redio haina mlango wa kupokea sauti kutoka kifaa kingine, ilhali muziki wote wa mwenye gari umo ndani ya iPod au simu inayotoshea kiganjani.

Tatizo lenyewe si geni. Kampuni ya Sony ya Japani ilipoanza kuuza Walkman mwaka wa 1979, kifaa hicho kilikuwa cha mtu mmoja aliyevaa visikizi. Mwaka wa 1984 kampuni hiyo ilitoa kicheza CD cha kubebeka, wakati ambapo redio nyingi za magari zilikuwa za kaseti. Hapo ndipo ilipozuka haja ya kaseti bandia.

Hili ni ganda la kaseti lisilo na utepe. Ndani yake mna kichwa kidogo cha sumaku kinachotazamana na kile cha redio. Umeme wa sauti unaotoka kwenye kicheza muziki hugeuzwa kuwa nguvu ya sumaku inayobadilikabadilika, nacho kichwa cha redio huisoma kana kwamba utepe unapita mbele yake. Magurudumu madogo yenye meno huzunguka ili redio isidhani kwamba utepe umekwama, ikaitema kaseti. Panapo mkwaruzo, aghalabu dawa ni kusafisha kichwa cha redio kwa pamba yenye spiriti. Kwa mwenye redio ya kaseti inayofanya kazi, mwandishi huyu haoni njia rahisi iliyo bora kuliko hii.

Njia inayopendwa zaidi, na ambayo pengine haistahili sifa hiyo, ni ile ya kirusha mawimbi cha FM. Kifaa hiki huchomekwa kwenye tundu la kiberiti cha sigara, kikawa kituo kidogo mno cha redio ndani ya gari. Nchini Uingereza vifaa hivi vilikuwa haramu hadi Desemba 8, 2006, viliporuhusiwa kwa sharti kwamba nguvu yake isizidi nanowati 50. Nguvu hiyo ni haba, na ndiyo sababu kituo chochote halisi kilicho karibu hukifunika. Dereva anayeondoka Nairobi akiwa amepata nafasi tupu kwenye masafa huenda akakuta mhubiri au mtangazaji amejaa humo kabla hajafika Nakuru.

Kwa Wakenya kuna kikwazo kingine. Magari mengi hapa huagizwa yakiwa yametumika Japani, ambako masafa ya FM yalipangwa kuanzia megahezi 76 hadi 90. Hapa kwetu ni 87.5 hadi 108. Ndiposa hufungwa kifaa kinachoteremsha masafa baina ya waya wa antena na redio. Kikiwa cha kuteremsha megahezi 14, Capital FM ya 98.4 husikika redioni ikiandikwa 84.4. Mwenye kirusha mawimbi lazima apige hesabu hiyo hiyo: akikitega kwenye 92.1, aitafute sauti yake kwenye 78.1. Iwapo kifaa cha kuteremsha hakijafungwa, amebakiwa na nafasi finyu kati ya 87.5 na 90 pekee. Wengi hurudisha kirusha mawimbi dukani wakidai ni kibovu, kumbe hakina kosa.

Waya ndiyo njia safi zaidi. Redio yenye tundu la milimita 3.5 huhitaji waya mmoja tu wenye vichwa viwili. Sauti ya kicheza muziki ipandishwe hadi takriban robo tatu, kisha inayobaki irekebishwe kwa redio. Ikipandishwa hadi mwisho huanza kupasuka.

Lakini mtu akichaji kifaa kwa umeme wa gari huku waya wa sauti umechomekwa, huenda akasikia mluzi unaopanda na kushuka kulingana na mwendo wa injini. Si spika zilizoharibika. Umeme umepata njia mbili za kurudi kwenye bodi ya gari, na kelele za altaneta zimeingia katika mzunguko huo. Kitenganishi chenye transfoma ndogo, kikiwekwa kwenye waya wa sauti, huondoa mluzi. Njia ya bure ni kuchomoa chaja.

Kuhusu chaja, gari dogo hutumia volti 12, malori mengi 24, nacho kifaa cha USB huhitaji volti 5. Chaja isiyoandikwa kwamba inastahimili volti 24 isichomekwe kwenye lori. Wenye iPod nao wakumbuke kwamba chaja za awali zilizotegemea umeme wa FireWire hazikuweza kuchaji modeli kadhaa zilizotolewa kuanzia 2008. Apple iliacha kutengeneza iPod mwaka wa 2022, hivyo mwenye nayo sasa anaitunza.

Anayeamua kubadilisha redio nzima apime kwanza nafasi. Kipimo cha kawaida ni milimita 180 kwa 50, au 180 kwa 100 kwa redio pana. Kwa redio nyingi za dukani, waya wa manjano hubeba umeme wa kudumu wa betri, mwekundu hupata umeme ufunguo unapozungushwa, na mweusi ni wa bodi. Fundi akibadilisha wa manjano na mwekundu, redio husahau vituo kila injini izimwapo. Akiunganisha yote miwili kwenye umeme wa kudumu, mwenye gari ataamka siku moja na betri tupu. Waya zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa gundi ya karatasi ni hatari ya moto. Zifunikwe barabara, na fyuzi isirukwe kamwe.

Kishikizo cha kifaa kisiwekwe juu ya mfuniko wa mfuko wa hewa, kwa kuwa ukifumuka utakirusha usoni mwa abiria. Wala kifaa chenyewe kisiachwe kwenye dashibodi gari likiegeshwa juani: Apple hushauri vifaa vyake vihifadhiwe pasipozidi nyuzijoto 45, na gari lililofungwa madirisha Mombasa adhuhuri hupita hapo upesi.