Mpini wa plau, pembe ya ndovu na plastiki: historia fupi ya kishikio cha bastola

Haya wapenzi wa teknolojia, leo naziweka kando habari za seva na hifadhidata. Tunazungumzia kitu ambacho hakina hata transista moja ndani yake: mpini wa bastola. Usishtuke, sijaanza biashara ya silaha, na hapa Kenya raia hamiliki bastola bila leseni. Nimeuchagua mpini huu kwa sababu mtu yeyote anayetengeneza programu ana la kujifunza kwake. Ni sehemu ambapo mashine inakutana na mkono wa binadamu. Halafu historia yake inapita karibu na kwetu Chakol kuliko unavyodhani.

Tuanze na mashine yenyewe. Kuna bastola za silinda ambazo ukivuta kifyatulio tu, nyundo inarudi nyuma yenyewe na risasi inatoka. Kuna nyingine za mtindo wa zamani ambazo lazima kwanza uvute nyundo kwa kidole gumba, kila risasi na yake. Hizo ndizo unazoziona kwenye sinema za macowboy. Maarufu kuliko zote ni Colt Single Action Army, iliyochukuliwa na jeshi la Marekani mwaka 1873. Risasi yake ni ya .45 na yenyewe ina uzito wa karibu kilo moja.

Umbo la mpini wake halikubuniwa mwaka huo. Lilitoka kwenye Colt Navy ya 1851, na Wamarekani huliita mpini wa plau. Hapa ndipo mtu wa Teso anatabasamu, maana plau ya ng'ombe tunaijua tangu miaka ya 1910, ilipoanza kusambaa upande wa Uganda pamoja na kilimo cha pamba. Mpini wa plau umepinda kuelekea chini, na kiganja kinaufuata bila kulazimishwa. Wa Colt ni hivyo hivyo. Risasi ikitoka, bastola haikupigi teke moja kwa moja kiganjani. Mpini unateleza na kujizungusha kidogo mkononi, mtutu unapanda juu, na nyundo inakuja karibu na kidole gumba ili uivute tena. Yaani teke lenyewe linakuandaa kwa risasi inayofuata!

Sasa, kwa nini watu hubadilisha vibao vya mpini? Kwa sababu mikono haifanani. Mpini mfupi unakiacha kidole cha mwisho bila mahali pa kukaa, na wengi hukikunja chini yake. Mpini mnene kwa mkono mdogo haukuruhusu kuufikia kifyatulio vizuri. Mwembamba mno kwa mkono mkubwa unaiacha bastola irudi nyuma hadi kile chuma kinachozunguka kifyatulio kigonge kifundo cha kidole cha kati. Ndiyo maana mwaka 1894 Colt walitoa mtindo wa Bisley, uliopewa jina la uwanja wa kulengea shabaha ulioko Uingereza. Mpini wake ni mrefu zaidi na unapanda juu nyuma ya mkono, hivyo haujizungushi sana. Mlenga shabaha ataupenda; mwingine atauona mgeni mkononi.

Mali ya kutengenezea nayo ina maneno yake. Bastola za jeshi za 1873 zilikuwa na mpini wa mti wa walnut, kipande kimoja, uliopakwa mafuta. Miaka ya 1880 raia walianza kuuziwa vibao viwili vya mpira mgumu, vya bei nafuu. Mpira laini wa siku hizi hupunguza maumivu, lakini unang'ang'ania kiganja na kuuzuia mpini usijizungushe, kwa hiyo faida ya mpini wa plau inapotea. Mti uliosuguliwa laini unaachia kiasi. Ukiwa unachagua, anza na upana na urefu wa mkono wako, kisha namna unavyotaka bastola irudi, halafu mali. Urembo uje mwisho.

Bahati mbaya, kihistoria urembo mara nyingi ulikuja kwanza. Matajiri na maofisa walitaka pembe ya ndovu. Jenerali George Patton alinunua Colt yake mwaka 1916, na watu wengi mpaka leo husema mpini wake ulikuwa wa lulu. Ulikuwa wa pembe, umechongwa herufi za jina lake. Pembe inapendeza na ni rahisi kuchonga, lakini ikikauka hupata nyufa, na kiganja chenye jasho hakiishiki vizuri kama haikuchongwa mistari.

Pembe hiyo ilitoka wapi? Fungua ramani ya Connecticut. Colt alijenga kiwanda chake kikubwa mjini Hartford, kwenye mto Connecticut, mwaka 1855. Ukishuka na mto huo huo unafika Deep River na Ivoryton, ambako kampuni za Pratt, Read na Comstock, Cheney zilikuwa zikikata pembe kwa ajili ya vitana na funguo za piano. Pembe nyingi ya viwanda hivyo ilitoka Zanzibar, ambako Marekani ilikuwa na balozi mdogo tangu 1837. Pembe ya Afrika Mashariki ilisifiwa kwa kuwa laini, isiyovunja meno ya msumeno.

Na Zanzibar haikuwa na ndovu. Ilizipata pembe kutoka bara, na njia moja ya misafara ilipita hapa kwetu. Mumias, ambayo Waswahili waliiita Kwa Sundu kwa jina la Nabongo Shiundu, ilikuwa kituo cha misafara iliyoelekea Busoga na Buganda. Joseph Thomson alifika hapo mwaka 1883, na Askofu Hannington alipapitia mwaka 1885 kabla ya kuuawa Busoga mwezi Oktoba. Pembe zilirudi pwani mabegani mwa watu, wengine mapagazi wa mshahara, wengine watumwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa Juni 1873, mwaka ule ule wa Colt yetu. Lakini ndovu waliendelea kufa, na mizigo iliendelea kubebwa.

Sasa fikiria kama mhandisi. Bidhaa ikipendwa na mali ikapungua, unafanyaje? Mwaka 1863 kampuni ya Phelan na Collender, watengenezaji wa vifaa vya biliadi, waliahidi dola 10,000 kwa atakayepata mbadala wa pembe. John Wesley Hyatt akaingia kazini, na mwaka 1870 akapata hataza ya seluloidi, moja ya plastiki za kwanza duniani. Mwaka 1907 Leo Baekeland akatengeneza bakelaiti. Miaka michache baadaye ikaja Micarta ya Westinghouse, karatasi au kitambaa kilichoshikanishwa kwa gundi ya aina hiyo hiyo. Micarta ya rangi ya maziwa hutumika mpaka leo kwa mipini inayofanana na ya pembe.

Na kibodi je? Mashine ya chapa ya Christopher Sholes iliyopata hataza mwaka 1868 ilikuwa na funguo kama za piano. Mwaka 1873 (tena!) walioichukua kuitengeneza ni Remington, kampuni ya bunduki. Mpangilio wa QWERTY ninaoutumia kuandika haya ulitoka kiwanda cha silaha :-)

Plastiki peke yake haikumwokoa ndovu. Kenya ilikuwa na ndovu takriban 167,000 mwaka 1973, na kufikia 1989 walibaki kama 16,000. Mlima Elgon, tunaouona kutoka huku Malaba asubuhi isiyo na mawingu, ndovu wake wanaoingia mapangoni kutafuta chumvi waliviziwa na kuuawa huko huko miaka ya 1980. Kilichosaidia ni sheria: Kenya ilipiga marufuku uwindaji 1977, Rais Moi akachoma tani 12 za pembe Julai 1989, na mwaka huo huo mkataba wa CITES ukaamua kufunga biashara ya kimataifa. Sheria ya Kenya ya 2013 iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha. Marekani nayo ilibana biashara ya ndani mwaka 2016. Hata hivyo Januari 2019 maofisa wa forodha wa Uganda walikamata pembe zilizofichwa ndani ya magogo yaliyotobolewa, zikielekea Vietnam.

Kwa hiyo anayenunua mpini leo ana mti, mpira, Micarta na resini, na vyote vinaushika mkono vizuri kuliko pembe ilivyowahi kuushika. Zile pembe zilizopita Mumias mabegani mwa watu zilikwenda kuwa pambo tu. Sisi tunaoandika programu tunapenda kupima raha ya mtumiaji, na ni vizuri. Tupime pia ni nani aliyebeba mzigo mpaka raha hiyo ikamfikia.

Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata. Maoni karibuni.