Amin angetua London, angepokelewaje?

Mwanzoni mwa Juni 1977, Redio Uganda ilitangaza kwamba Rais Idi Amin alikuwa safarini kwenda London. Uvumi ukaenea kuwa ndege yake inaelekea Ireland, na huko nako wakajiweka tayari kumkatalia. Viwanja vya ndege vya Uingereza vilikuwa katika tahadhari. Saa zikapita, Amin hakutokea. Hakuwa ametoka Uganda.

Sisi wa Namtumbo, tulio zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Kagera, tunamkumbuka Amin kwa vita vya 1978. Kisa hiki cha mwaka mmoja kabla yake hakisimuliwi sana, nacho kinaonyesha ugumu wa kumfungia mlango mtu uliyekwisha kumkaribisha sebuleni.

Amin alitwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971. Rais aliyepinduliwa, Milton Obote, alikuwa Singapore, kwenye mkutano wa wakuu wa Jumuiya ya Madola, akipinga mpango wa Uingereza wa kuwauzia Makaburu silaha. London iliitambua serikali mpya upesi, na Julai mwaka huohuo Amin alikula chakula cha mchana na Malkia Elizabeth. Mwalimu Nyerere alikataa tangu mwanzo. Alimpa Obote hifadhi Dar es Salaam, na hakukubali kuketi na Amin katika kikao cha marais watatu wa Afrika Mashariki. Kikao hicho hakikufanyika tena hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977. Gharama ilikuwa kubwa, maana reli, bandari, posta na ndege vilikuwa mali ya pamoja. Hata hivyo, kwangu mimi Mwalimu alikuwa sahihi. Na watu wa Ruvuma hawakuhitaji kufundishwa msimamo wa aina hiyo: hadi Juni 1975 Mreno alikuwa ng'ambo ya Mto Ruvuma, Msumbiji, na Tanzania haikufanya naye urafiki kwa sababu tu ya ujirani. Julai mwaka huo, wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) walipokutana Kampala, Tanzania, Zambia na Botswana zilisusia.

Uingereza ilichelewa kufika hapo. Mwaka 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka, na maelfu wakaishia Uingereza. Julai 1976, baada ya makomandoo wa Israeli kuokoa mateka Entebbe, Dora Bloch, mateka mwenzao, bibi kizee mwenye uraia wa Uingereza aliyekuwa amelazwa hospitali ya Mulago, alichukuliwa akauawa. Ndipo London ikavunja uhusiano wa kibalozi. Februari 1977 akauawa Askofu Mkuu Janani Luwum, pamoja na mawaziri Oryema na Oboth Ofumbi.

Na Juni ilikuwa inakaribia. Mkutano wa Madola ulipangwa kufanyika London, sambamba na sherehe za miaka 25 ya utawala wa Malkia. Uganda ilikuwa mwanachama halali, na Madola haikuwa na utaratibu wa kumtoa mwanachama. Waziri Mkuu James Callaghan alibanwa pande zote. Mwenyeji akianza kuchagua wageni, nchi nyingine zingejiuliza kesho zamu ya nani. Viongozi wa Afrika wangeweza kuona mkoloni wa zamani anamdhalilisha Mwafrika mbele ya dunia. Zaidi ya yote, Waingereza wengi walikuwa bado wanaishi Uganda, na Amin angeweza kuwageuza mateka. Kwa hiyo serikali ya Callaghan ilipima kila neno kabla ya kumweleza Amin kwamba hatapokelewa, huku ikijiandaa endapo angekuja bila kujali.

Hofu ilifika hadi kanisani. Lord Mountbatten, mjomba wa mume wa Malkia, aliandika katika shajara yake kwamba katika ibada ya shukrani ya tarehe 7 Juni, kanisa kuu la St Paul's, Malkia aliwaza angefanya nini Amin akiingia ghafla, akaamua kumpiga kichwani kwa upanga wa Meya wa Jiji uliokuwa mbele yake.

Lililokuwa na uzito zaidi ni tamko la mwisho la mkutano. Wakuu wa Madola, wakiwamo wa Afrika, walilaani ukiukwaji wa haki za binadamu nchini Uganda. Kwa muda mrefu viongozi wetu walikuwa wamejificha nyuma ya kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani ya mwenzao. Waganda walistahili kuyasikia maneno hayo miaka kadhaa mapema.

Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikuwa mikononi mwa wanajeshi wa Tanzania na Waganda waliopigana pamoja nao. Amin alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia ikampokea. Alifia Jeddah Agosti 2003, bila kusimamishwa mbele ya mahakama yoyote.