Mtihani wa Kiingereza: umetoka wapi mpaka ukatufikia sisi

Vijana wenzetu wa Bujumbura na wa kambini, pamoja na nyinyi mnaofanya kazi na wakimbizi, leo tunaandika juu ya kitu ambacho kimewafungia wengi wetu njia: cheti cha Kiingereza. Sisi tumesoma kwa Kifaransa. Nyumbani tunasema Kiswahili, Kirundi, Kibembe, Kifuliiru. Halafu fomu ya masomo inakuja na swali: una cheti gani cha Kiingereza?

Mitihani hii haikuanza jana. Mwaka 1913 Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kilitunga mtihani kwa wageni waliotaka kwenda kufundisha Kiingereza. Ulichukua saa 12, na ndani yake kulikuwa na kutafsiri Kifaransa au Kijerumani. Walijitokeza watu 3 tu, na wote 3 walianguka. Basi wewe uliyepata alama ndogo, usione haya.

Marekani walianza TOEFL mwaka 1964, maana vyuo vyao vilikuwa vinapokea wanafunzi wengi wa nchi zingine. IELTS ya Waingereza na Waaustralia ikafuata mwaka 1989. Miaka hiyo yote Burundi ilibaki upande wa Kifaransa, urithi wa Wabelgiji, sawa na Kongo. Mambo yalianza kugeuka mwaka 2007, Burundi ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo kazi zake zinafanyika kwa Kiingereza. Mwaka 2014 sheria ikakifanya Kiingereza lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Lakini sheria peke yake haimfundishi mtu kusema.

Mwaka huohuo wa 2014, kampuni ya Duolingo ikaleta mtihani wa kufanyia nyumbani kwa kompyuta, kwa dola 20. Leo bei imepita dola 50. Mwanzilishi wake, Luis von Ahn, ni mtu wa Guatemala. Alipokuwa kijana alilazimika kusafiri mpaka El Salvador kufanya TOEFL, kwa sababu kwao nafasi zilikwisha. Hapo tulijiona sisi. Kijana wa Buyenzi akiambiwa aende Kigali atapita wapi, na Burundi ilifunga mpaka wa Rwanda Januari 2024? Na hata akifika, anadaiwa pasipoti, wakati mfukoni ana karatasi ya ukimbizi tu.

Mwaka 2020 korona ilifunga vyumba vya mitihani, na vyuo vingi vikakubali ule wa nyumbani. Kumbe masharti yanaweza kubadilika! Yalibadilika siku yalipowabana wenye vyuo. Sisi yametubana miaka yote.

Kwa hiyo, vijana, kabla ya kulipa andikieni chuo muulize: mnakubali mtihani gani? Mnakubali kitambulisho gani? Mkimbizi anaweza kusamehewa? Na msikimbilie mapema, maana matokeo yanahesabika miaka 2 tu.

Nanyi mnaotusaidia: Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 28, unataja hati ya kusafiria ya mkimbizi. UNHCR inataka asilimia 15 ya vijana wakimbizi wawe vyuoni ifikapo 2030. Masomo ya Kiingereza tunayashukuru sana. Sasa tusaidieni tupate na hiyo hati, ili anayejua Kiingereza aruhusiwe kuingia kwenye chumba cha mtihani.