Mwaka wa maandalizi: ngazi iliyokosekana kati ya shule na uinjinia Kongo

Matokeo ya mtihani wa serikali yanapotangazwa, vijana humwagiana poda nyeupe kichwani, nyimbo hujaa barabarani, na akina mama hupiga vigelegele mlangoni, hata kama mlango huo ni wa turubai. Siku chache baadaye furaha inapoa. Kijana anayetamani uinjinia anafika chuoni na kuambiwa kwamba, kabla ya mwaka wa kwanza, kuna mwaka mwingine: mwaka mzima wa hesabu, fizikia, kemia na michoro. Wanafunzi wanauita prepolitekniki, au kwa kifupi prepa. Nyumbani wazazi wanauliza: “Si umekwisha pata diploma? Mwaka huu mwingine ni wa nini? Ni adhabu?”

Si adhabu. Lakini kuelewa kwa nini mwaka huo upo, inabidi kurudi nyuma, wakati wa Wabelgiji.

Katika Kongo ya kikoloni, shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na lengo lake lilijulikana: kutoa makatekista, makarani, maseremala, mafundi na wauguzi. Mtoto mwenye akili aliyetaka kusoma zaidi alikuwa na njia moja iliyo wazi, nayo ni seminari. Huko Katanga, kwenye migodi ya Union Minière, Wakongomani waliendesha mashine na kuzitengeneza zilipoharibika, lakini karatasi za mahesabu zilibaki mezani kwa mainjinia kutoka Ulaya.

Huko Kisantu, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain kilianzisha mafunzo ya udaktari mwaka 1926 na ya kilimo mwaka 1932. Hata hivyo, waliohitimu waliitwa wasaidizi: wasaidizi wa daktari, wasaidizi wa mtaalamu wa kilimo. Neno hilo “msaidizi” lilikuwa kama dari. Mtu angeweza kufanya kazi chini yake miaka 30 bila kulivuka. Shule za sekondari za masomo ya jumla zilianza kufunguliwa kwa upana zaidi baada ya mageuzi ya mwaka 1948 tu.

Kwa hiyo chuo kikuu cha Lovanium kilipofunguliwa mwaka 1954, juu ya kilima karibu na Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, tatizo lilionekana mara moja. Wanafunzi wa kwanza walikuwa takriban 30 tu. Akili walikuwa nazo, lakini shule walizotoka hazikuwapa hesabu na sayansi zilizohitajika. Ndipo likawekwa darasa la maandalizi kabla ya masomo yenyewe ya chuo. Mwaka 1956 serikali ya kikoloni ilifungua chuo kingine huko Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo.

Kwa upande wa uinjinia kulikuwa na sababu ya pili. Nchini Ubelgiji kwenyewe, tangu zamani, diploma ya sekondari peke yake haikutosha kuingia katika masomo ya uinjinia. Kijana alipaswa kufaulu mtihani wa kuingilia, hasa wa hesabu, na wengi walitumia mwaka mzima wa hesabu maalumu kujitayarisha. Kongo ilirithi desturi hiyo. Tofauti ni kwamba Mbelgiji aliruka kutoka kwenye ukuta mrefu, na Mkongomani aliruka kutoka chini.

Kinyume hicho kilionekana waziwazi mwaka 1959. Mwaka huo kinu cha nyuklia cha utafiti, TRICO, kilianza kufanya kazi Lovanium, kikiwa cha kwanza barani Afrika. Mkuu wa chuo, Luc Gillon, alikuwa padri na pia mwanafizikia wa nyuklia. Urani ya Kongo ilikuwa imekwisha julikana duniani: sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Wamarekani kutengeneza mabomu yao ya kwanza ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kwa mikono ya Wakongomani. Basi nchi ilikuwa na urani, ikawa na kinu, lakini watoto wake walioweza kusoma hesabu za kinu hicho walikuwa wachache mno.

Tarehe 30 Juni 1960 uhuru ulipofika, Wakongomani waliokuwa wamemaliza chuo kikuu walikuwa kidogo kiasi kwamba hesabu inayotajwa mara nyingi ni watu 16 tu. Mwezi uliofuata jeshi liliasi na Wabelgiji wengi wakaondoka kwa haraka, wakiwemo mafundi, walimu na mainjinia. Umoja wa Mataifa ulileta wataalamu, na walimu wengi walitoka Haiti kwa sababu walizungumza Kifaransa. Shule ziliendelea, lakini pengo lilikuwa pale pale.

Mtihani wa serikali ulikuja katika miaka hiyo ya 1960, ili diploma ya Bukavu na ya Mbandaka ziwe na uzito mmoja. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliunganisha vyuo vikuu vyote kuwa UNAZA. Mwaka 1981 vikatenganishwa tena kuwa vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani. Majina yalibadilika, ila mwaka wa maandalizi ulibaki mlangoni pa politekniki.

Sababu ya kubaki inaonekana kijijini. Diploma ni ya serikali moja, lakini njia za kuipata si sawa. Seksheni ya hesabu na fizikia inahitaji maabara na mwalimu aliyeisomea. Seksheni ya ualimu inaweza kuendeshwa kwa ubao na chaki, ndiyo maana imeenea sana vijijini. Kijana wa mlimani hasomi ualimu kila mara kwa kuupenda. Anausoma kwa kuwa ndio uliokuwepo. Bila mwaka wa daraja, mlango wa uinjinia ungebaki kwa watoto wa shule za mjini peke yao.

Na ndani ya mwaka huo wanafundishwa nini? Chukueni chukudu, pikipiki ya mbao ambayo sanamu yake imesimama mjini Goma. Kila mwendeshaji anajua kwa mwili wake kwamba mzigo mzito kwenye mteremko ni hatari. Prepa inamfundisha mwanafunzi kuligeuza jambo hilo kuwa hesabu. Chukudu na mzigo wake vikiwa na kilo 200, vikishuka kilima cha urefu wa meta 10, vinaachilia nishati ya karibu jouli 20,000. Bila breki wala msuguano, vingefika chini kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa. Ajabu ni hii: ukiongeza mzigo, mwendo huo haubadiliki, kinachoongezeka ni nishati ambayo breki ya raba lazima iimeze na kuigeuza joto. Ndiyo sababu raba inanuka kuungua. Fundi anajua kwamba breki itaungua. Injinia anatakiwa kujua lini, kabla mtu hajapanda.

Si wote wanaoupenda mwaka huu. Wapo wanaosema ni ada ya mwaka mzima juu ya familia ambayo haina hata ya miezi mitatu, na kwamba anayeanguka hubaki na mwaka uliopotea bila cheti. Malalamiko hayo yana ukweli. Lakini waliojaribu kuingia moja kwa moja bila msingi huanguka mwaka wa kwanza, nao ni mwaka uliolipiwa vilevile. Mageuzi ya LMD, yaliyoanza kutumika Kongo mwaka wa masomo 2021-2022, yamebadilisha ngazi za chuo; hayajafuta pengo lililo chini ya ngazi ya kwanza.

Kwa familia zilizokimbia vita, historia hii iko karibu sana. Mtoto aliyebadilisha shule mara tatu, aliyesoma mwaka wa tano nusu na wa sita nusu, yuko mahali walipokuwa vijana wa 1954: akili ipo, hesabu zimekatika katikati. Mwaka wa maandalizi ulibuniwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo, na kuupitia si aibu.

Ila hakuna anayeandikishwa bila karatasi. Diploma na bulletini za miaka ya mwisho ndizo chuo huuliza kwanza. Wazazi wengi waliokimbia wamekwisha jifunza: usiku wa kukimbia, sufuria inaweza kuachwa, lakini ile plastiki yenye karatasi za mtoto hufungwa kiunoni pamoja na kitenge.