Kisu Kilichochukua Jina la Mnyama wa Beni

Katika mji wa Solingen, ulioko magharibi ya Ujerumani na uliovuma kwa panga na visu tangu karne za kati, kulianza kutengenezwa mwaka 1902 kisu cha kukunja kilichokusudiwa kuuzwa katika makoloni ya Wajerumani barani Afrika, chenye mpini wa mti, bapa refu jembamba, na mapambo ya mwezi na nyota yaliyopachikwa ubavuni mwa mpini. Na jina walilokipa watengenezaji wake halikuwa la mfalme wao wala la mhunzi wao, bali Okapi, jina la mnyama ambaye mwaka mmoja tu kabla ya hapo wataalamu wa Ulaya walikuwa bado wakijadiliana kama ni farasi au ni jamaa wa twiga. Jina hilo lilitoka kwetu, katika msitu ulio jirani ya Beni, mashariki ya Kongo, na hikaya ya safari yake yastahiki kusimuliwa kwa utuo.

Sir Harry Johnston, aliyekuwa mjumbe maalumu wa Serikali ya Uingereza katika Uganda tangu 1899 hadi 1901, aliwapokea Wambuti, wenyeji wa msitu huo, waliokuwa wametekwa na Mjerumani mmoja kwa nia ya kuwaonyesha katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, akaazimu kuwarejesha kwao. Na katika safari hiyo akavuka mto Semliki, akafika katika ngome ya Dola Huru ya Kongo iliyoitwa Mbeni, yaani Beni. Wambuti walikuwa wamekwisha kumweleza habari za mnyama wa msituni mwenye milia miguuni, na maafisa wa Kibelgiji pale ngomeni wakazisadikisha, kwani walizoea kumwona akiletwa amekufa na wawindaji. Lakini ngozi nzima haikupatikana, kwa sababu askari walikuwa wameikatakata kuwa mikanda. Johnston akatosheka na vipande viwili vya mikanda hiyo, akavipeleka London. Na alipoonyeshwa nyayo za ukwato uliopasuka hakuzikubali, maana moyo wake ulikuwa umeshika kwamba anamtafuta farasi, ilhali wenyeji waliomwonyesha nyayo zile ndio waliokuwa na haki. Philip Sclater wa Jumuiya ya Zoolojia ya London akamwandika mnyama huyo, mapema mwaka 1901, katika ukoo wa farasi. Haukupita muda, Karl Eriksson, Mswidi aliyekuwa akitumikia Dola ya Kongo, akapeleka ngozi kamili na mafuvu mawili, na hapo ndipo Ray Lankester, mwaka ule ule, alipomtoa katika ukoo wa farasi na kumpa jina la Okapia.

Nami sichoki kuitafakari mikanda ile, kwa kuwa sehemu ya kwanza ya okapi iliyochunguzwa London ilikuwa imekwisha kupita chini ya kisu cha askari wa Mbeni. Hapana ajabu, basi, kwamba mfanyabiashara wa Solingen, aliyetaka bidhaa yake inukie Afrika, alilichukua jina lililokuwa likivuma mno siku zile.

Kisu chenyewe si cha fahari. Bapa lake ni la chuma kisichokataa kutu, ambacho hubadilika rangi na kukolea weusi kadiri kinavyotumika, lakini hunoleka upesi kwa jiwe la kawaida, jambo ambalo mkulima hulithamini kuliko mng'ao. Mgongoni mwa mpini mna kamani ya chuma yenye pete ndogo. Bapa likifunguliwa, meno yaliyochongwa katika shina lake hupita chini ya kamani moja baada ya moja, yakialika, na likifika mwisho hushikwa lisirudi kumkata mwenye nalo, naye atakaye kulifunga huivuta ile pete, kamani ikainuka, bapa likarejea mahali pake. Mtu akiwa na kisu hiki na jiwe hahitaji fundi, na kwa rai yangu hiyo ndiyo siri ya umri wake mrefu.

Tusidhani hata hivyo kwamba nyanda za juu za Beni na Lubero zilikuwa zikingoja Solingen. Wanande, wenyeji wa nyanda hizo, walikuwa na wahunzi wao kabla ya Mzungu yeyote kuvuka Semliki, na visu vya Kongo, vyenye mipini ya mti na ya pembe, vilichukuliwa kwa wingi mno hata leo atakaye kuvitazama hana budi kwenda Tervuren, nje ya Brussels, katika jumba la makumbusho lililotokana na maonyesho ya mwaka 1897. Kazi za kisu kidogo nazo hazikupungua, bali ziliongezeka kwa mazao mapya: gome la mkwinini la kubambuliwa, papai bichi la kuchanjwa ili utomvu wake ukusanywe na kukaushwa kuwa papaini, na katika miaka ya karibuni kakao ya Beni.

Ujerumani ilipoteza makoloni yake katika Vita Vikuu vya Kwanza, lakini kisu hakikupoteza soko. Kilienea kusini mwa Afrika, kikavuka bahari hata Jamaika, na kote huko kilipata sifa mbili zisizopatana, ya chombo cha mchapakazi na ya silaha ya mhuni. Mwaka 1988 utengenezaji wake ulihamia Afrika Kusini, ambako unaendelea hadi leo, na kwa hiyo kisu kilichobuniwa kwa ajili ya Waafrika sasa chatengenezwa barani Afrika.

Hapa Beni habari ya kubeba kisu imeingia uchungu. Tangu Oktoba 2014 raia wengi wameuawa kwa mapanga na mashoka katika vijiji na mitaa ya pembezoni, na tangu Mei 2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri zimewekwa chini ya utawala wa kijeshi. Na katika hali kama hiyo makali yaliyofichwa mfukoni, hata yakiwa ya kumenyea muwa, hayawezi kutazamwa kwa jicho lile la zamani. Mwenye jina naye hakusalimika: mnamo Juni 2012 kituo cha kuhifadhi okapi cha Epulu, katika msitu wa Ituri, kilishambuliwa, watu wakauawa pamoja na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa pale, na mwaka uliofuata mnyama huyo akaandikwa miongoni mwa walio hatarini kutoweka.

Wakusanyaji wa ng'ambo huvitafuta visu vya kale vya Okapi, hasa vilivyopigwa mhuri wa neno Germany bapani, nao hupima urefu, huhesabu nyota, hulinganisha pete. Wasichoweza kukipata kwa vipimo hivyo ni habari ya aliyekibeba. Kwa hiyo namwomba kila mwenye kisu cha mpini wa mti alichoachiwa na babu yake, kiwe ni Okapi au cha mhunzi wa Lubero, asikisugue weusi wake kwa msasa, akipake mafuta kidogo tu, kisha aandike katika karatasi kilinunuliwa wapi, kilifanya kazi gani na mikononi mwa nani, akaifunge karatasi hiyo pamoja nacho.